Aliyetushikisha Waya

Watu waliopita kwenye karakana yetu ya Mbeya miaka ile wanamkumbuka kwa mkono. Ukimtaja tu, mtu anakunja vidole vitatu vya katikati vya mkono wake wa kulia, anabakiza gumba na kidole kidogo, anakupungia hivyo, kisha anacheka. Jina halihitajiki. Hata wakati vidole vyake vyote vilikuwepo tulimwita Fundi, basi, ingawa mafundi pale walikuwa saba na wale sita wengine walikuwa na majina.

Mimi huwa sicheki. Vidole vile vilikatwa na feni ya Landrova niliyokuwa naiendesha mimi, na sababu ni maneno matatu yaliyotoka kinywani mwangu asubuhi kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Hakuna mtu mwingine aliyeyasikia. Kilichoninyima raha kwa miaka ni kutojua kama Fundi mwenyewe alifahamu kwamba nilimdanganya.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na ovaroli lake lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote pale. Alikotoka sikuwahi kumwuliza na yeye hakusema. Hakupiga kelele hata siku moja. Alikutukana kwa sauti ya chini, kwa adabu zote, kiasi kwamba ukienda kumshtaki kwa Meneja huna neno hata moja la kurudia. Dereva akirudi na gari bovu, Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ndugu, mke unaye?" Ukisema unaye, anakujibu, "Mpe pole," na anarudi kazini.

Mama aliyekuwa akituuzia chai na magimbi getini alimwomba siku moja amzibie jiko lake la mkaa lililotoboka. Fundi hakuliziba. Alimtengenezea jiko jipya kwa bati nene la pipa, zuri kuliko yote niliyoyaona sokoni, akalibeba mwenyewe mpaka getini na kumkabidhi mbele ya watu. "Tumekuwa tukisema chai yake haina ladha kwa sababu ya jiko," alisema. "Sasa tutajua kosa ni la nani." Yule mama alilitumia jiko lile miaka yote, na kila aliponimiminia chai aliniuliza kwa kunong'ona kama leo ina ladha.

Lakini hayo ni madogo. Kitu chake kikubwa kilikuwa kushikisha watu waya.

Gari likiwa na moto wa mashaka, fundi wa kawaida anachomoa waya wa plagi, anausogeza karibu na chuma cha injini, anatazama kama cheche inaruka. Fundi alitumia watu. Anakuita kwa upole, anakupa ncha ya waya, anasema, "Shika hapa." Mwenzako aliye ndani ya gari anazungusha ufunguo. Umeme ule wa koili hauui, lakini unakupanda mpaka kisogoni na kukutupa chini, na Fundi anakuinamia na kukuuliza, "Moto upo au haupo?" Ulitakiwa kujibu, "Upo, Fundi." Usipojibu, unashika tena.

Sote tulipitia. Mimi nilishikishwa wiki yangu ya kwanza, nikatokwa machozi mbele ya wanaume wazima. Wiki ya pili alikuja dereva mgeni kutoka Njombe, nami nilisimama mstari wa mbele nisikose kumwona akianguka. Ndivyo tulivyokuwa. Ukishaanguka wewe, unapata haki ya kumcheka mwingine, na hakuna aliyekubali haki yake ipotee.

Jambo moja ni lazima nilikiri. Hakuna waya ambao yeye hakuushika. Asubuhi tukiwa tunaandikisha safari, alipita kwenye magari yanayounguruma, anachomoa waya wa plagi ya kwanza, ile iliyo karibu na feni, anaubana kwa vidole na kusikiliza, kope haitikisiki. Viganja vyake vilikuwa vimekomaa mpaka umeme ule ulikuwa kama unamsalimia tu. Na chochote kigeni kikifungwa kwenye gari, hakuruhusu mtu akiguse kabla yake. "Kipya nashika mimi kwanza," alisema. Hiyo ndiyo haki pekee niliyoiona kwake, na ndiyo niliyoitumia kummaliza.

Tulimvumilia kwa sababu ya platini. Siku hizi vijana hawaijui, kwa hiyo nieleze. Ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi moto, kulikuwa na vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, koili inatoa cheche, plagi inawaka, gari linakwenda. Nafasi kati yao ikizidi kidogo, gari linakohoa. Ikipungua kidogo, linakufa. Sasa chukua gari hilo ulipandishe milima ya Kawetere kwenye ukungu, ulishushe Chunya kwenye vumbi linaloingia mpaka kwenye meno, halafu wiki inayofuata ulipeleke Usangu kwenye maji ya mpunga. Platini inaungua, inaliwa, inajaa uchafu. Dereva asiyekuwa na Fundi alilala porini.

Stoo tulikuwa na kipimo cha chuma, kile chenye vibati vyembamba vilivyochapwa namba. Fundi alikidharau. Yeye alichana kipande cha gazeti, akakikunja mpaka zikawa karatasi sita, akakipitisha kati ya platini huku amefumba macho. Karatasi ikipita kwa kusita, anakaza skrubu. Alitumia kidole cha shahada na cha kati, na alitugeuzia mgongo tusione. Gari alilolifunga yeye lilikwenda Chunya na kurudi mara nne bila kukohoa. Tuliojaribu kumwiga tulirudi tumevutwa na lori la tumbaku.

Gazeti lenyewe lilikuwa ndilo pambo lake. Lilifika kutoka Dar es Salaam likiwa limechelewa siku moja au mbili, na kila lilipofika yeye alikuwa wa kwanza kulinunua. Alilikunja na kulitia mfuko wa kifuani, kichwa cha habari kikitazama nje. Mchana alilifungua, akafunua kurasa taratibu, akatikisa kichwa hapa, akaguna pale. Wakubwa walimwona ni mtu wa siasa safi.

Mimi peke yangu nilijua kwamba hajui hata herufi moja. Nilijua kwa sababu alikuwa na binti mmoja, anayesoma sekondari Iringa, na binti aliandika barua kila mwezi. Kila barua ilipofika, Fundi aliingiwa na petroli machoni. Alinivuta nyuma ya stoo, akanipa bahasha, akasema, "Nisomee, macho yangu leo hayafai." Mara ya kwanza niliamini. Mara ya tatu nilimwangalia, naye akaniangalia, na tangu hapo hatukuzungumzia petroli tena. Nilisoma, nilimwandikia majibu, na yeye aliweka sahihi iliyokuwa na madoido kuliko ya Meneja.

Ungedhani mtu mwenye siri hiyo angekuwa na huruma kwa wenzake. Kisomo cha watu wazima kilipoanzishwa pale kazini, kila saa nane mchana, Fundi alijitolea kusimamia nidhamu. Alisimama nyuma ya darasa na spana mkononi. Mlinzi wetu, Msafwa mmoja mwenye mvi, aliposhindwa kutofautisha ba na da, Fundi alimsogelea na kusema, "Mzee, ng'ombe wangapi wako nyumbani kwako wasiojua kusoma? Basi ongeza na wewe." Mlinzi hakurudi darasani. Nilikaa kwenye benchi, nikamtazama Fundi usoni, na yeye akanitazama bila aibu hata kidogo. Alijua sitasema. Nilimwogopa, na pia, niseme ukweli, nilimpenda.

Nilimpenda kwa sababu ya safari moja ya Chunya. Gari lilinifia njiani karibu na vilima vya wachimba dhahabu, nikakaa siku mbili nikila karanga. Siku ya pili mchana nilimwona anashuka kwenye lori, na mfuko wa spana begani. Hakuna aliyemtuma, na siku ile alikuwa na ruhusa. Alifunga platini, akanivulia sweta lake kwa sababu nilikuwa natetemeka kwa malaria, akaendesha yeye mpaka Mbeya, na njia nzima alinitukana. "Ungekufa huku wangesema ni platini zangu," alisema. Sweta sikulirudisha na hakuliuliza.

Basi hapo ndipo alipoingia baba yangu.

Baba alikuwa anatoka kijijini, upande wa Tukuyu, kuja kutibiwa kifua hospitali ya Mbeya. Nikiwa natoka safari nilimpitia, nikampandisha mbele, jambo lililokatazwa. Alivaa koti lake moja na kofia ya kanisani. Njia nzima alishika dashibodi kwa mikono miwili na kunisifu kwa kila kona niliyokata. Tulipofika karibu na karakana gari likaanza kukohoa, nikaingia nalo getini badala ya kumfikisha hospitali kwanza. Hilo ni kosa langu, si la mwingine.

Fundi alikuja akifuta mikono. "Shikamoo, mzee," alisema, kwa heshima kabisa.

"Malahaba, baba. Gali la kijana wangu linaumwa."

"Tutaliponya. Wewe ndiye baba yake? Haya, mzee, tusaidiane kidogo. Kijana wako abaki hapo kwenye ufunguo."

"Mimi nifanye nini?"

"Ushike hapa tu."

Madereva walianza kusogea. Baba alishuka, akashika waya kwa mikono yote miwili, kama anavyopokea kitu mtu mwenye adabu. Fundi akaniangalia. "Washa," alisema.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema huyu ni mgonjwa. Nilizungusha ufunguo.

Baba aliangukia ubavuni, kwenye tope la oili, upande wa mlango wangu uliokuwa wazi. Kofia ikabingirika mpaka chini ya lori. Fundi akamwinamia. "Moto upo au haupo, mzee?"

"Moto gani, baba?" baba akauliza, na kweli alitaka kujua.

Karakana nzima ililipuka kwa kicheko. Mimi nami nilicheka. Baba alininyanyulia macho kutoka pale chini, yakakutana na yangu, na niliendelea kucheka. Kisha aliinuka, akaiendea kofia, akaifuta kwa kiwiko, akarudi kwa Fundi na kumwambia, "Ndaga, baba," asante ya kwetu, kama mtu aliyepewa kiti. Akaenda hospitali kwa miguu, peke yake. Hakupanda gari langu tena. Mvua zilizofuata alifariki. Waya haukumuua, kifua ndicho kilimuua, na sijawahi kujidanganya juu ya hilo. Lakini katika miezi ile aliyobakiwa nayo hakunitazama usoni.

Miezi michache baada ya msiba, ambao sikuutangaza kazini, lilikuja boksi.

Lililetwa na mtaalamu wa barabara, mzungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Alimwachia Meneja kama zawadi. Lilikuwa la bati, dogo kuliko tofali, na ndani yake kulikuwa na mambo ya elektroniki ya kuondoa platini kabisa. Hakuna kukwangua, hakuna gazeti, hakuna kulala porini. Meneja alichagua Landrova yangu, iliyokuwa kuukuu kuliko zote, akasema likifanya kazi ataomba mengine kwa magari yote. Fundi alisikiliza kwa utulivu. Alifahamu kuliko sisi sote maana ya maneno yale. Siku magari yote yatakapokuwa na boksi, hatakuwepo anayemhitaji.

"Nitalifunga," alisema. "Kesho asubuhi."

Kesho yake, kabla wengine hawajafika, alinivuta nyuma ya stoo. Alikuwa na boksi na karatasi ya maelezo, yote ya Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nane, lakini kilitosha. Nilimsomea karatasi mstari kwa mstari, naye alishika kila neno kichwani: waya huu kwenye koili, ule kwenye chuma cha gari, platini na kondensa, kikopo kidogo kinachofungwa nazo, vitolewe, kipande hiki kivalishwe chini ya rota. Sikudanganya popote. Alirudia yote bila kukosea, nami nilimstaajabia.

Kisha akageuza boksi. Juu ya mfuniko kulikuwa na maandishi mekundu, makubwa, yenye mshale wa umeme pembeni. Yalisema ni hatari, na kwamba waya za plagi zisiguswe kabisa injini ikifanya kazi, kwa kuwa nguvu yake ni mara nyingi ya ile ya kawaida.

Akapitisha kidole cha shahada juu yake. "Na haya?"

Niliiona kofia ya baba chini ya lori. Sitasema niliteleza ulimi, maana nilifikiri kwanza. Nilijua atashika yeye wa kwanza. Nilitaka aanguke mbele ya watu, achafue lile ovaroli, nimwinamie mimi nimwulize swali lake. Basi. Feni sikuifikiria.

"Jina la kiwanda," nilisema.

Alilifunga kwa saa mbili. Mwisho alizichukua platini na kondensa alizozitoa, akazikunja ndani ya gazeti, akazifunga kwa uzi na kuzisukuma chini ya kiti changu. "Boksi likifa halitengenezeki," aliniambia. "Hizi usitupe. Utanihitaji."

Nilipowasha, injini ilishika mara moja, ikatulia kuliko nilivyowahi kuisikia. Watu walipiga makofi. Meneja alikuwepo, mama wa chai alikuwepo na birika mkononi. Fundi alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akanyoosha mkono wa kulia kuelekea plagi ya kwanza.

"Kipya nashika mimi kwanza," alisema.

Mimi nilikuwa kwenye usukani. Kulikuwa na muda wa kusema neno, tena mrefu wa kutosha. Boneti lilikuwa limenizibia nisimwone uso, nikaona kiwiko chake tu. Kiwiko kiliruka. Halafu nikasikia feni ikigonga kitu mara tatu, haraka, na mama wa chai akaanza kupiga kelele.

Hakuanguka. Kuanguka kwake ndicho kitu nilichokuwa nimekitaka, na hata hicho hakunipa. Alisimama wima ameushika mkono mmoja kwa mwingine, ovaroli lake limelowa, akaniangalia nilipotokeza kichwa, akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Zima gari."

Hospitali nilikwenda kumtazama mara moja. Nilimpelekea machungwa na yeye hakuweza kuyamenya, nikayamenya mimi. Alipotoka alirudi kazini kwa miezi kadhaa, akijaribu kufunga platini za magari mengine kwa gumba na kidole kidogo. Karatasi ilimdondoka. Madereva aliowashikisha waya walisimama wakihesabu mara ngapi imedondoka, kwa sauti. Siku ya mwisho alivua ovaroli, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya benchi, akapanda basi la Iringa alikokuwa binti yake. Kushikishwa waya kulikoma. Boksi langu lilifanya kazi safi, mvua na vumbi, na kwa sababu gari langu halikufia njiani nilipandishwa cheo nikawa dereva wa Meneja.

Miaka ilipita, karibu minne. Binti yangu mkubwa alichaguliwa kuingia sekondari huko huko Iringa, na Meneja akaniruhusu kumpeleka kwa ile Landrova, pamoja na sanduku lake la bati. Tulipita Chimala asubuhi na mapema, yeye akiimba dirishani. Tulipoacha Mafinga nyuma, injini ilizimika. Haikukohoa, haikuonya. Lori la mbao lilituvuta mpaka Ipogolo, chini ya mlima wa mji, kwenye uwanja wa magereji.

Vijana wa pale walilitazama boksi wakacheka. "Hii hatujawahi kuona, mzee," mmoja alisema. "Platini huna?"

Nilipapasa chini ya kiti. Kifurushi kilikuwepo, uzi wake haujaguswa.

"Kufunga sasa mpelekee yule mzee pale, mwenye miwani," kijana alisema. "Kwa platini hana mpinzani."

Alikuwa amekaa kwenye kibao, miwani puani, gazeti mapajani. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Mkono wa kulia aliulaza juu ya goti, na mwanangu akauona kabla hajauona uso wake.

"Kamwene," nilimwambia, nikijifanya mwenyeji, kwa kukosa neno.

"Wewe si Mhehe," alijibu. "Leta hicho kifurushi."

Alifungua uzi kwa meno. Alilitoa boksi mwenyewe, skrubu moja moja, kwa mkono wa kushoto. Kisha akaliweka mapajani, akafuta vumbi kwa gumba, na kuanza kusoma yale maandishi mekundu. Alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa matamshi ya mtu aliyejifunzia kisomo cha Kiswahili na kuyalazimisha maneno ya Kizungu yafuate. Akasoma mpaka mwisho. Halafu akasema maana yake, polepole, bila kuniangalia.

"Hatari. Usiguse waya injini ikifanya kazi." Akavua miwani. "Kiwanda kina jina refu hiki."

"Ulijua lini, Fundi?"

"Siku ya tatu. Binti yangu alipokuja hospitali nilimtuma karakana akanisomee boksi. Alirudi analia."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mimi nilikuwa nasomewa?" Akachana kipande cha gazeti, akakikunja kwa mkono mmoja juu ya paja mpaka zikawa karatasi sita. "Wangecheka hilo kuliko vidole."

Alizama kwenye distribyuta. Mkono wa kushoto ulikuwa umejifunza; karatasi haikudondoka. Safari hii hakunigeuzia mgongo, nikaona kila kitu, na ndivyo nilivyojifunza kufunga platini.

"Yule mzee wa kofia hajambo?" aliuliza akiwa ameinama.

"Alifariki. Mwaka ule ule."

"Pole." Akakaza skrubu. "Alinishukuru. Nimeshikisha watu wengi, huyo peke yake ndiye aliyenishukuru. Ilibidi nimwulize mama wa chai amesema nini."

Akarudisha kofia ya distribyuta na kunyoosha mgongo. Alimgeukia binti yangu, sauti ikawa ya upole kabisa. "Mwanangu, umewahi kuwasha gari?"

"Sijawahi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Panda hapo kwa baba. Nikikwambia, zungusha huo ufunguo."

Alipanda akifurahi. Vijana wa gereji waliacha spana zao wakasogea. Kumbe na huko walikuwa wameshafundishwa. Fundi akachomoa waya wa plagi ya nne, ile ya nyuma kabisa, iliyo mbali na feni, akanielekezea.

"Shika."

"Fundi, mwanangu yupo hapa."

"Namwona."

Nilishika. Alisema, "Washa," na binti yangu akawasha.

Nilikuwa nimesahau jinsi unavyopanda mpaka kisogoni. Niliangukia ubavuni kwenye vumbi, upande wa mlango uliokuwa wazi, na kiatu kimoja kikanitoka. Uso wa Fundi ukanijia kwa juu. Hakuwa anacheka.

"Moto upo au haupo?"

"Upo, Fundi," nilisema.

Vijana wakalipuka. Niliinua macho kuelekea kwenye kiti, na binti yangu alikuwa anacheka pamoja nao, kiganja kikiwa mdomoni, kwa kuwa watu wote walikuwa wanacheka. Macho yetu yakakutana. Aliacha pale pale, akashuka na kukiendea kiatu changu. Mimi, siku ya baba, sikuacha.